Dabo Swinney: kutoka mchezaji wa kujileta hadi kocha wa mamilioni

Septemba 2022, Chuo Kikuu cha Clemson, jimbo la South Carolina nchini Marekani, kilimwongezea kocha wake wa futiboli ya Kimarekani, Dabo Swinney, mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya dola milioni 115. Clemson ni chuo cha umma. Na vijana wanaojaza uwanja wake kila Jumamosi ya msimu walikuwa, hadi mwaka mmoja tu nyuma, hawaruhusiwi kupokea hata senti moja ya tangazo la viatu.

Kwa mtu aliyezoea kufuatilia soka la Ulaya au Simba na Yanga, hesabu hiyo haikai sawa. Mwajiri ni chuo, kocha analipwa kama bosi wa benki, wachezaji hawana mshahara, na bado hakuna aliyeona ajabu kwa takriban miaka mia moja. Mambo haya yameshikana kiasi kwamba ukivuta uzi mmoja, mwingine unakaza. Naona ni rahisi zaidi kuyaelewa ukimfuata Swinney mwenyewe, kwa sababu amekaa pande zote mbili: aliucheza mchezo huu akiwa hana kitu, kisha ukamtajirisha.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa ufupi. Futiboli ya Kimarekani huchezwa 11 kwa 11 kwa mpira wenye umbo la yai. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu inapewa manne mengine, ikishindwa inakabidhi mpira. Kwotabeki ndiye anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, na wapokeaji ndio wanaokimbia kuzidaka. Hayo yanatosha kwa makala hii.

Kinachomchanganya mgeni zaidi ni kwa nini chuo. Marekani hakuna akademi za klabu kama za Barcelona au Ajax. Ligi ya kulipwa, NFL, haimchukui kijana mpaka ipite miaka mitatu tangu amalize sekondari. Miaka hiyo anaipitishia chuoni, na vyuo viliigeuza nafasi hiyo kuwa biashara kubwa ya tiketi na haki za televisheni. Mji wa Clemson hauna wakazi 20,000, lakini uwanja wa chuo unaingiza watu zaidi ya 80,000. Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, unachukua 60,000.

Muda wote huo chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kilishikilia kwamba mchezaji ni mwanafunzi, hivyo halipwi. Anachoweza kupewa ni ufadhili: ada, malazi, chakula na vitabu. Kwa miaka mingi kila timu ya daraja la juu iliruhusiwa kufadhili wachezaji wasiozidi 85. Lakini mazoezini wanahitajika zaidi ya hao, maana lazima wawepo watu wa kuigiza mpinzani wa wiki hiyo na wa kugongwa katikati ya wiki ili nyota wabaki wazima kwa ajili ya Jumamosi. Nafasi hizo zilijazwa na vijana waliokuja wenyewe, wakajilipia ada na kuomba kujaribiwa. Nitawaita wachezaji wa kujileta.

Swinney alikuwa mmoja wao. Jina lake rasmi ni William Christopher. Dabo ni la utotoni. Alizaliwa Birmingham mwaka 1969 na kukulia Pelham, Alabama, katika nyumba ambayo yeye mwenyewe amekuwa akiisimulia waziwazi: baba aliyekuwa akiuza na kutengeneza mashine za kufulia, biashara ikaanguka, pombe ikashika hatamu, ndoa ikavunjika. Alipoingia Chuo Kikuu cha Alabama, mjini Tuscaloosa, hakuna kocha aliyekuwa amemwita. Alisoma kwa ruzuku ya serikali na mikopo, na likizo alipanda juu ya nyumba za watu kusafisha mifereji ya mvua. Mama yake alipokosa pa kuishi, alihamia kwenye nyumba ndogo ambayo Swinney alikuwa akipanga na rafiki yake, na mama na mwana wakalala chumba kimoja. Alfajiri mama alikuwa akiendesha gari hadi Birmingham kazini, jioni anarudi.

Uwanjani alikuwa mpokeaji, si wa kutisha. Alipambana mpaka akapewa ufadhili, na katika maisha yake yote ya uchezaji alidaka pasi saba tu. Ila moja ya jezi zake ni ya msimu wa 1992, na timu ile ilitwaa ubingwa wa taifa kwa kuichapa Miami 34–13 mjini New Orleans, siku ya Mwaka Mpya wa 1993.

Pasi saba hazimpeleki mtu NFL. Kwa ukocha, hata hivyo, kusugua benchi si hasara kiasi hicho. Nyota anakimbia na mpira unamfuata. Hana haja kubwa ya kujua kwa nini. Yule wa pembeni anabaki timuni kwa sababu anajua kazi ya kila mtu, yuko tayari kuingia popote, na amekaa karibu na makocha muda mrefu kuliko alivyokaa karibu na mpira. Sisemi ni kanuni. Steve Spurrier alitwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka 1966 akiwa Florida, kisha akarudi kama kocha na kukipa chuo hichohicho ubingwa wa msimu wa 1996. Lakini ukikagua mabenchi ya ufundi, akina Swinney ni wengi kuliko akina Spurrier.

Kazi hii pia hurithishwa kwa mikono. Paul "Bear" Bryant aliichezea Alabama miaka ya 1930, akawa kocha, na alipokuwa Texas A&M alimnoa mchezaji aliyeitwa Gene Stallings. Stallings baadaye alikuwa msaidizi wa Bryant pale Alabama, na miaka ikapita akawa kocha mkuu wa chuo hicho. Stallings ndiye aliyemfundisha Swinney mwaka 1992, na ndiye aliyempa kazi ya kwanza. Clemson nako hadithi ni hiyohiyo: Frank Howard, aliyekiongoza chuo hicho miaka 30, na Danny Ford, aliyekiletea ubingwa wa kwanza mwaka 1981, wote walikuwa wachezaji wa zamani wa Alabama.

Kazi hiyo ya kwanza ilikuwa ya chini kabisa. Kijana aliyemaliza kucheza husajiliwa kwa shahada ya uzamili, chuo kinamlipia masomo na kumpa posho kidogo, naye anakuwa msaidizi wa wasaidizi. Anakata video za mpinzani. Anachora mbinu zake kwenye kadi, moja moja, mshale kwa mshale, ili wachezaji wa mazoezi waziigize. Analala ofisini. Swinney aliingia ngazi hiyo mwaka 1993, akapata shahada ya uzamili ya biashara mwaka 1995, na mwaka uliofuata akawa kocha kamili wa wapokeaji.

Juu ya ngazi hiyo kuna waratibu wawili, wa mashambulizi na wa ulinzi, na juu yao kocha mkuu. Kwa kawaida hakuna anayeruka ngazi. Hatari ni kwamba wote wananing'inia kwenye kamba moja: kocha mkuu akianguka, benchi zima linafungashiwa virago. Msimu wa 2000 Alabama ilishinda mechi tatu na kupoteza nane, na kibarua cha Swinney kikaota nyasi pamoja na vya wenzake wote.

Miaka miwili iliyofuata alifanya kazi katika kampuni ya kujenga na kupangisha maduka makubwa mjini Birmingham, chini ya mtu aliyemfahamu tangu enzi za Alabama. Mshahara ulikuwa mzuri, jioni yuko nyumbani. Watu wengi huishia hapo, na hakuna anayewaandikia makala. Mwaka 2003 Tommy Bowden, kocha mkuu wa Clemson aliyewahi kuwa msaidizi Alabama, alimpigia simu. Swinney akarudi kwenye ukocha, akiwa kocha wa wapokeaji.

Thamani yake ilionekana haraka, na haikuwa ubaoni. Ilikuwa sebuleni kwa watu. Kazi ya kocha wa chuo kwa sehemu kubwa ni kushawishi vijana wa sekondari, na hapa ndipo lile katazo la malipo linapoonyesha meno yake. Kama huruhusiwi kumpa kijana mshahara, unashindana kwa kitu gani? Kwanza, kwa kocha mwenyewe: mtu anayeweza kukaa kwenye kochi la familia na kumfanya mama aamini kwamba mwanaye atatunzwa. Swinney, aliyelala chumba kimoja na mama yake akiwa mwanachuo, hakuhitaji kufundishwa mazungumzo hayo. Alimng'oa C.J. Spiller kutoka mji mdogo wa Lake Butler, Florida, mchezaji ambaye nchi nzima ilimtaka, akamleta Clemson mwaka 2006.

Pili, unashindana kwa majengo. Mwaka 2017 Clemson ilifungua kituo cha futiboli cha dola milioni 55, kikiwa na kinyozi, uwanja mdogo wa gofu, njia za mchezo wa boulingi na bembea ya kuteleza ya kushukia kutoka ghorofani, kama ya watoto. Watu wakacheka. Lakini pesa ile ilikuwa inatafuta pa kutokea. Haikuweza kuingia mfukoni mwa kijana wa miaka 18, basi ikageuka bembea. Na ikageuka mshahara wa kocha, maana yeye ndiye mtu pekee wa thamani kubwa uwanjani ambaye sheria iliruhusu agombewe kwa bei ya soko. Ukilielewa hilo, dola milioni 115 hazina muujiza ndani yake.

Oktoba 2008 Clemson, iliyoanza msimu ikiwa kwenye kumi bora, ilikuwa imeshinda mechi tatu na kupoteza tatu. Bowden akaondoka katikati ya msimu. Mkurugenzi wa michezo, Terry Don Phillips, aliwaruka waratibu wote akampa mikoba kocha wa wapokeaji mwenye umri wa miaka 38, ambaye hakuwahi kuongoza hata upande mmoja wa timu. Alikuwa kaimu tu. Akapoteza mechi ya kwanza, akajikusanya, akawafunga mahasimu wao, Chuo Kikuu cha South Carolina, 31–14, na Desemba 1 akathibitishwa. Mkataba wake wa mwanzo ulikuwa wa takriban dola 800,000 kwa mwaka, mdogo kwa makocha wa ngazi hiyo.

Mwaka 2010 alikalia kuti kavu. Timu ilimaliza na ushindi sita na vipigo saba, mashabiki wakaanza kumtajia mrithi. Mwenyewe amesimulia kwamba Phillips alipoingia ofisini kwake baada ya kipigo cha South Carolina, alijua anafukuzwa. Badala yake aliambiwa kwamba anaaminiwa kuliko hata siku aliyoajiriwa. Mwaka uliofuata aliajiri mratibu wa mashambulizi, Chad Morris, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kufundisha sekondari za Texas, na Clemson ikatwaa ubingwa wa kanda yake. Kisha Januari 2012 West Virginia ikaitandika 70–33. Swinney akamleta Brent Venables kuongoza ulinzi. Ukiniuliza, kipaji chake kikubwa ni hicho: anajua asichokijua, na hana aibu kumwachia mwingine.

Usiku wa kukumbukwa ni wa Januari 9, 2017, mjini Tampa, fainali ya ubingwa wa taifa dhidi ya Alabama, chuo chake mwenyewe. Mwaka mmoja kabla walikutana na Alabama ikashinda 45–40. Safari hii, zikiwa zimebaki zaidi ya dakika mbili kidogo, Alabama ikaenda mbele 31–28. Clemson ikasogea, pasi baada ya pasi ya kwotabeki Deshaun Watson, mpaka yadi mbili kutoka kwenye mstari, sekunde sita kwenye saa. Wangeweza kupiga teke la pointi tatu wasawazishe. Wakaamua kutafuta bao. Wapokeaji wawili wakakimbia wakipishana upande wa kulia, walinzi wakagongana, na Hunter Renfrow akabaki peke yake kwenye kona. Akadaka. Saa ikasimama kwenye sekunde moja: 35–31.

Renfrow naye alikuwa wa kujileta. Alifika Clemson akiwa mwembamba kiasi kwamba hakuna chuo kikubwa kilichoona haja ya kumfadhili. Kati ya waliosimamia mashambulizi usiku ule alikuwepo Tony Elliott, mpokeaji wa zamani wa Clemson aliyejileta pia, ambaye Swinney alimkuta timuni mwaka 2003. Baadaye Elliott alifanya kazi ya uhandisi katika kampuni ya matairi ya Michelin kabla ya kugeukia ukocha, na mwishoni mwa 2021 akateuliwa kocha mkuu wa Chuo Kikuu cha Virginia.

Januari 2019 Clemson iliifunga Alabama tena, 44–16, ikamaliza msimu kwa ushindi mechi 15 bila kipigo. Miezi michache baadaye Swinney akapewa mkataba wa dola milioni 93 kwa miaka 10. Kulikuwa na kipengele cha kuvutia: akiuvunja kwenda kufundisha kwingine atalipa fidia, na kama kwingine huko ni Alabama, fidia inapanda. Waliouandika walijua damu ni nzito.

Sasa turudi kwa wasiolipwa. Mwaka 2014, wachezaji wa Chuo Kikuu cha Northwestern walipokuwa wakijaribu kuunda chama cha wafanyakazi, Swinney aliulizwa kuhusu wanachuo kulipwa. Alisema siku mchezo wa vyuo utakapogeuzwa wa kulipwa, yeye atakwenda kutafuta shughuli nyingine. Kauli hiyo imemfuata tangu siku hiyo. Kwa haki yake, hoja yake ilikuwa elimu: kwa mtu aliyesoma kwa mikopo na kusafisha mapaa, ufadhili kamili ni utajiri, na shahada ndiyo iliyombadilishia maisha. Namwelewa. Lakini alikuwa anayasema hayo akiwa ndani ya soko huria la makocha, akiwasemea walio nje ya soko lolote.

Ukuta ulianguka mwaka 2021. Kwanza NCAA iliruhusu mchezaji kuhama chuo mara moja bila kukaa nje msimu mzima. Juni, Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote tisa, ikaamua katika kesi ya Alston kwamba NCAA haiko juu ya sheria za ushindani wa biashara. Na kuanzia Julai 1 wachezaji wakaruhusiwa kuuza jina na sura zao kwa matangazo. Kwa jina ilikuwa matangazo. Kwa vitendo, matajiri mashabiki walianza kuchangishana ili kununua vikosi, na kila mwisho wa msimu ukawa na dirisha la usajili.

Swinney aligoma kulichungulia. Aliamini kulea kijana kwa miaka minne, na kwenye usajili wa 2024 hakuchukua mchezaji hata mmoja kutoka chuo kingine. Venables na Elliott walikuwa wameshaondoka, na vikombe vikawa adimu. Oktoba 2023, timu ikiwa na ushindi minne na vipigo vinne, shabiki alipiga simu kwenye kipindi chake cha redio akauliza pesa zote zile analipwa kwa ajili ya nini. Swinney alimjibu kwa dakika kadhaa mfululizo, sauti juu, akihesabu misimu aliyoshinda. Jumamosi iliyofuata akaifunga Notre Dame 31–23 na kumpita Frank Howard kama kocha mwenye ushindi mwingi zaidi katika historia ya Clemson. Kabla ya msimu wa 2025 alilegeza, akachukua wachezaji wachache wa kuhamia.

Juni 6, 2025, Jaji Claudia Wilken aliidhinisha makubaliano ya kesi ya wachezaji dhidi ya NCAA, iitwayo kesi ya House. Wachezaji wa zamani watalipwa fidia ya takriban dola bilioni 2.8, na vyuo vikaruhusiwa kulipa wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Swinney hakutafuta shughuli nyingine. Alibaki, naye sasa anapanga bajeti ya mishahara kama wenzake.

Ndani ya makubaliano hayo kuna kifungu ambacho hakikupigiwa kelele sana nje ya Marekani. Ule ukomo wa wafadhiliwa 85 umefutwa kwa vyuo vilivyoingia kwenye mpango huo. Badala yake umewekwa ukomo wa kikosi kizima: watu 105. Zamani hesabu iliwabana wenye ufadhili tu, na timu ingeweza kubeba vijana 120 au zaidi, wale wa ziada wakijilipia. Sasa kila jezi inahesabiwa. Vyuo vilianza kuwaengua wachezaji wa kujileta hata kabla ya hukumu, na jaji alisitisha idhini yake mwezi Aprili mpaka waliokatwa watafutiwe njia ya kurudi. Walipewa: majina yao yanaorodheshwa pembeni na hayahesabiwi kwenye 105 kwa muda wote waliobakiza wa kucheza. Ahueni hiyo ni kwa waliokuwemo tayari. Kijana atakayefika Tuscaloosa au Clemson mwaka kesho bila kuitwa na kocha yeyote, akiwa na ada ya mkopo na viatu vyake, atagombea nafasi ndani ya 105 kama wengine wote.